UZI: Kibao kikibadilishwa, nini hasa kinabadilika?

1/ Mjadala huu haukosi kurudi. Mtu anasimama kwenye bunge la kaunti anasema barabara fulani ipewe jina jipya. Jioni redio zinapokea simu, na huku kwetu mtandaoni tunagawanyika: kuna wa "heshimuni historia" na kuna wa "zibeni mashimo kwanza." Leo tuangalie historia yenyewe, bila kutaja mheshimiwa yeyote wala chama. Mtaona kwa nini kipande cha bati kinapandisha watu hasira hivi.

2/ Tuanze na jina la nchi. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona mlima wenye theluji akiwa Kitui. Wakikuyu waliuita Kirinyaga, Wakamba Kiinyaa. Krapf akaandika alivyosikia. Mwaka 1920 koloni nzima ikapewa jina la mlima huo. Yaani kitambulisho chako kimebeba jina ambalo mgeni alilisikia nusunusu. Na bado hakuna anayetaka tulibadilishe. Ni letu sasa. Weka hilo akilini, tutalirudia.

3/ Lakini wakoloni hawakusikia vibaya tu. Pengine walifuta kabisa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kituo kikaitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi wa reli. Murang'a ikawa Fort Hall. Webuye ikawa Broderick Falls. Nyahururu ikawa Thomson's Falls. Ukiandika jina lako kwenye ramani unasema kwamba hapa hapakuwa na watu kabla yangu. Atakayekuja kesho na hati ya shamba anakuta nusu ya kazi imeshafanywa.

4/ Ndiyo maana baada ya uhuru wa 1963 vibao viling'olewa. Princess Elizabeth Way ikawa Uhuru Highway. Stewart Street ikapewa jina la Muindi Mbingu, aliyeongoza Wakamba kuandamana hadi Nairobi mwaka 1938, serikali ilipoamua kuwapunguzia mifugo kwa nguvu. Grogan Road ikawa Kirinyaga Road. Kwa mzee aliyekuwa akilazimishwa kutembea na kipande shingoni, kusoma majina hayo katikati ya jiji haikuwa jambo dogo.

5/ Sasa shuka leo Nairobi uulize mahali pa kununua spea za gari. Utaambiwa, "Enda Grogan." Ewart Grogan ni yule mlowezi ambaye mwaka 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Kibao chake kiling'olewa zamani. Jina lake bado liko midomoni mwa mafundi na wateja, na wengi wao hawajui alikuwa nani. Kibao kimoja, majina mawili, na la mdomoni ndilo linalompeleka mtu.

6/ Upande wa pili kuna Kariokor. Unashuka steji, unakula nyama, unanunua kiondo, unaenda zako. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lililogeuzwa na ndimi zetu. Kariakoo ya Dar es Salaam ni neno hilohilo. Waafrika walichukuliwa kwa nguvu kubebea jeshi la Waingereza risasi na chakula. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Wengi hata makaburi yao hayajulikani.

7/ Hakuna mheshimiwa aliyekata utepe ili Kariokor iitwe Kariokor. Wananchi wenyewe ndio waliolishika jina hilo, na pengine ndilo kumbukumbu kubwa zaidi waliyonayo wale wapagazi. Ila tumelishika bila hadithi yake. Uliza vijana kumi pale sokoni jina lilitoka wapi, uhesabu majibu. Kwa hivyo Grogan tumemfuta kwenye bati na hakufutika. Wapagazi hatukuwafuta, ila tumewasahau huku tunawataja kila siku. Bati peke yake halikumbuki kwa niaba yetu.

8/ "Sawa, basi turudishe majina ya kienyeji kila mahali." Hapo swali ni: ya nani? Chukua ziwa la kaskazini. Mwaka 1888 msafiri Teleki alilipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakuwahi kuliona. Mwaka 1975 likawa Ziwa Turkana. Vizuri. Lakini kwenye ufuo huohuo kuna El Molo, Dassanech, Rendille, Gabra na Samburu. Kwao jina la mgeni liliondoka, likaja jina la jirani. Jirani ni bora kuliko mgeni, kweli. Ila usishangae mwingine akiuliza, "Na sisi je?"

9/ Na sasa tufike penye moto wenyewe. Kibra au Kibera? Wanubi ni kizazi cha askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza. Walipewa mahali pa kukaa pembeni mwa Nairobi, wakapaita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 lilitengwa rasmi. Hati hawakupewa. Miaka ikaenda, estate zikajengwa juu ya ardhi hiyo, watu kutoka kila pembe ya nchi wakaja kutafuta riziki, na matamshi ya wengi yakawa Kibera.

10/ Eneo bunge lilipoundwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2013, liliandikwa Kibra. Wengine walisema ni herufi moja tu, kelele za nini? Kwa Mnubi ile herufi ilikuwa serikali kukiri kwa maandishi kwamba babu yake alikuwa pale. Kwa mpangaji ambaye amezaliwa pale, na mama yake alizaliwa pale, ilisikika kama anaambiwa yeye ni mgeni. Wote wawili walikuwa wakizungumza kuhusu ardhi, kibao kilikuwa kisingizio tu.

11/ Mwaka 2017 Wanubi walipata hati ya jamii. Ekari 288. Linganisha na zile elfu nne na zaidi. Jina lilirudi lote, ardhi ikarudi kipande. Na hapo ndipo funzo lenyewe la uzi huu: jina ni rahisi kutoa. Haligharimu mtu shamba, halihitaji fidia, picha zinapigwa siku hiyohiyo. Hati inachukua miaka mia moja. Ukiona kiongozi anakimbilia jina, angalia kama kuna kitu kizito ambacho jina linakuja badala yake.

12/ Katiba ya 2010 inasemaje? Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kama msingi wa taifa. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kinaitaka serikali ikuze na ilinde lugha za wananchi wa Kenya. Kifungu cha 10 kinaweka ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya utawala. Maana yake, kubadilisha jina la mtaa wako si zawadi ya mtu kumpa rafiki yake. Una haki ya kuulizwa kabla, siyo kuarifiwa baadaye.

13/ Kwa hivyo pendekezo likija tena, kabla ya kuchukua upande, uliza haya manne:
Jina lililopo sasa lilitoka wapi, na lilifuta la nani?
Jipya linamtambua nani, na linamwacha nani nje?
Wanaoishi pale waliulizwa?
Na pamoja na bati, kuna nini kingine: hati, makumbusho, somo shuleni, au picha za siku moja tu?

14/ Kwa watu wa "zibeni mashimo kwanza": mna haki, ushuru ni wenu. Lakini msidharau majina. Waliotutawala hawakuyadharau, walianza nayo. Na kwa watu wa "badilisheni yote": kumbukeni Grogan. Jina lisilo na hadithi halishiki, hata likipigwa misumari. Lenye hadithi linaweza kushika hata kama lilianza kwa kusikia vibaya. Angalia Kenya.

15/ Pengine cha bei rahisi kabisa ni mistari mitatu chini ya jina. Pale Kariokor, kwa Kiswahili: jina hili lilitoka wapi, walikuwa nani, walikufa vipi. Mtu akingoja matatu, asome.

Sasa ni zamu yenu. Steji ama mtaa wenu unaitwaje, na wazee wanasema jina lilitoka wapi? Andika hapa chini kabla wenye kujua hawajaondoka.