Kitu Kimoja, Majina Matatu

Hebu tuchukue Git, programu huria ambayo watengenezaji wengi wa programu siku hizi wanaitumia kutunza historia ya kazi yao. Ukibadilisha faili, Git haihifadhi mabadiliko papo hapo. Kwanza unayaweka mahali pa kusubiri, unachagua yapi yaingie na yapi yabaki, ndipo unaamuru yahifadhiwe. Mahali hapo ni pamoja tu, lakini pana majina matatu: "index", "cache" na "stage". Mgeni akiyaona anadhani ni vitu vitatu, na nani atamlaumu?

Mkanganyiko huu una tarehe. Mwaka 2005 Linus Torvalds, yule wa Linux, alijikuta bila chombo cha kazi. Kwa miaka mitatu hivi alikuwa akitumia BitKeeper, programu ya kampuni iliyoruhusu mradi wake kuitumia bure, kisha ruhusa hiyo ikaondolewa. Akaketi akaandika yake kwa siku chache. Toleo la kwanza, la tarehe 7 Aprili, lilitumia folda iitwayo ".dircache", na ndani yake faili iitwayo "index". Yaani mtoto alizaliwa tayari ana majina mawili. Hakuna aliyejali, kwani mtu anayezima moto haulizi ndoo inaitwaje.

Julai mwaka huohuo Junio Hamano akachukua usimamizi, na Septemba mradi ukajaribu kusafisha. Amri "update-cache" ikawa "update-index". "Diff-cache" nayo ikawa "diff-index". Orodha ya istilahi ya Git hadi leo inasema wazi kwamba "cache" ni jina lililopitwa na wakati, jina la sasa ni "index".

Sawa. Sasa jaribu kuiondoa faili pale pa kusubiri bila kuifuta kwenye diski yako. Unaandika "git rm --cached". Jina lililostaafishwa bado linaripoti kazini kila asubuhi.

Mbona wasilifute tu? Kwa sababu watu walikuwa wameshaandika skripti zao kwa jina hilo. Ukilifuta, kazi za watu usiowajua zinakwama usiku. Kwa hivyo badala ya kupunguza, wakaongeza. Mwaka 2008 "git diff" ikapewa "--staged", yenye maana ileile kabisa na "--cached", maana watu walikuwa wamezoea neno hilo wakifundishana. Mwaka 2019 ikaja amri mpya, "git restore", nayo inaelewa "--staged" pekee. Halafu kuna "git apply". Huko "--cached" inagusa mahali pa kusubiri tu, ilhali "--index" inagusa hapo pamoja na faili zako zenyewe. Majina mawili ya kitu kimoja yamegeuka maagizo mawili tofauti!

Kuna wanaosema haya ni mambo madogo, mtu atazoea. Anayezoea ni yule mwenye wa kumuuliza. Mimi niliacha chuo, na tangu hapo mwalimu wangu ni miongozo. Darasani unainua mkono, mhadhiri anakwambia, "Hicho ni kitu kilekile, endelea." Ukiwa peke yako saa sita usiku, bando inaisha, hakuna wa kukwambia hivyo. Unaamua kwamba kichwa chako ndicho kizito. Wangapi waliishia hapo, wakafunga kompyuta, wakasema hii kitu si ya watu kama sisi?

Na tukitafsiri miongozo hii kwa Kiswahili bila kukubaliana kwanza, tutazidisha. "Index" itakuwa faharasa, "cache" itakuwa akiba, "stage" itakuwa jukwaa. Kila tafsiri itakuwa sahihi, na msomaji atakuwa amepotea kabisa. Sisi wenyewe tayari tuna kompyuta na tarakilishi, nenosiri na nywila. Kazi ya kutafsiri programu huria mara nyingi hugawanywa sentensi moja moja kwa watu wasiojuana. Mmoja akiandika "nenosiri" kwenye kitufe na mwenzake "nywila" kwenye mwongozo, yule mama aliye saiba atadhani anadaiwa vitu viwili.

Dawa yenyewe haina gharama kubwa: orodha ya maneno iandikwe kabla ya mwongozo, kila kitu kipewe jina moja, na atakayeandika sura ya kumi aifuate kama aliyeandika ya kwanza. Na pale jina la zamani lisipoweza kufutwa, lielezwe palepale msomaji anapokutana nalo. Git ina orodha nzuri, lakini iko ukurasa wake peke yake, na aliyekwama kwenye "--cached" hajui hata kama ipo. Mwongozo ungemwambia tu hapohapo: hili ni jina la zamani la "index". Sentensi moja, na mtu angelala mapema.