Njia Inayoishia Kwenye Mataa

Mimi ni fundi baiskeli, Magomeni, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro. Historia ya barabara hii naisoma kwenye magurudumu ninayoletewa.

Zamani kazi ilikuwa spoki. Wabeba mkaa, wauza mikate na wa madafu walipita kwenye vumbi pembeni ya lami, wakishuka kila daladala ilipochomekea kituoni. Mashimo na mzigo vilikata spoki za gurudumu la nyuma, upande wa cheni, tatu au nne kwa mpigo.

Waendesha baiskeli wa jiji, chini ya umoja wao UWABA, walidai njia yao kwa misafara ya baiskeli. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, Kimara hadi Kivukoni, njia ikaja nayo, sambamba na ya waenda kwa miguu. Haukupita muda bodaboda wakaifanya ya kwao kila foleni ilipokaza. Muuza matunda naye akatandaza. Huyo simsemi sana, ni mteja wangu.

Siku hizi naletewa ringi za mbele. Ukiizungusha inasugua breki mara moja kila mzunguko, na mwenyewe ukimuuliza alipogongwa, atakutajia makutano. Njia ile ina usalama pale iliponyooka; ikifika kwenye mataa inakatika. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari linalokata kushoto na baiskeli inayonyoosha huruhusiwa na kijani kile kile. Dereva angemwona mwenye baiskeli saa ngapi, naye muda wote alikuwa nyuma ya watu na vibanda?

Saa za foleni ni balaa zaidi. Taa zinawaka zenyewe bila wa kuzitazama, askari anaongoza kwa mkono, na mkono unafuata magari: penye foleni ndefu ndipo panapopewa muda. Wa baiskeli anasubiri mpaka anachoka, anajitosa. Madaraja ya juu ya TAZARA, 2018, na Ubungo, 2021, yaliwapa nafuu wenye magari. Baiskeli bado inavuka chini.

Wahandisi mnaochora awamu zijazo za mwendokasi, msituachie njia konani. Ichoreni ivuke makutano hadi ng'ambo, na mtuwekee taa yetu, iwake kijani sekunde chache kabla ya ile ya magari.