Usiku na Mchana wa Bagradas

Kiangazi cha mwaka 49 KK Warumi walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, na vita vyao vilikuwa vimevuka bahari hadi kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Tunisia. Gaius Scribonius Curio, jemadari wa Caesar, alitoka Sicily na legioni mbili na wapanda farasi 500. Nje ya mji wa Utica alikwisha kumshinda Attius Varus, mtu wa Pompey, hasimu wa Caesar. Aliposikia kwamba Mfalme Juba wa Numidia, mshirika wa Pompey, anakuja na jeshi kubwa, aliamua kubaki ngomeni karibu na bahari, penye maji na chumvi, angoje legioni zake nyingine. Laiti angeshika uamuzi ule! Watoro kutoka mjini walimwambia kwamba Juba amerudi kushughulikia vita mpakani, na aliyekuja ni ofisa wake tu, Saburra, na watu wachache. Akaamini.

Usiku unaingia. Wapanda farasi wanatumwa hadi kambi ya Saburra kando ya mto Bagradas, ambao sasa ni Medjerda. Wanawakuta Wanumidia wamelala ovyo ovyo, wanaua wengi. Juba mwenyewe yuko nyuma, umbali wa kilomita 9 hivi.

Zamu ya nne ya usiku, karibu saa tisa kwa saa zetu, Curio anaondoka na jeshi lote isipokuwa kohoti tano, yaani vikosi vitano vya legioni, za kulinda kambi. Njiani anakutana na wapanda farasi wake wakirudi na mateka. Anawauliza mateka: nani mkuu wa kambi ya mtoni? Wanajibu: Saburra. Hataki kujua zaidi. Jibu lilikuwa la kweli, na mimi naona jeshi lilipotelea hapo hapo, kabla ya mkuki wowote wa mchana kurushwa. Nyuma ya Saburra kulikuwa na nani? Swali hilo halikuulizwa.

Kumekucha. Juba amempelekea Saburra walinzi wake 2,000 wapanda farasi, Wahispania na Wagaul, naye anafuata polepole na tembo. Saburra anawaagiza watu wake wajifanye waoga, warudi nyuma kidogo kidogo. Curio anadhani wanakimbia, anashuka kutoka vilimani hadi uwandani. Askari wa miguu wamechoka kabisa. Farasi waliokesha wanasimama mmoja mmoja njiani. Wapanda farasi wanaofika vitani ni 200 tu.

Hao 200 kila waendako wanawasukuma maadui, ila hawana nguvu ya kuwafukuza. Kohoti ikitoka mstarini kushambulia, Wanumidia wanaikwepa kwa mbio, kisha wanaizunguka na kuikatia njia ya kurudi. Curio anaamuru wakimbilie vilima vya jirani. Wapanda farasi wa Saburra wamekwisha kuviwahi. Gnaeus Domitius, mkuu wa wapanda farasi wake, anamsihi ajiokoe. Curio anakataa: hawezi kumtazama Caesar usoni baada ya kupoteza jeshi alilokabidhiwa. Anapigana hadi anauawa. Askari wa miguu wanauawa wote.

Jioni, kambini, Marcius Rufus, aliyeachwa na Curio kambini, anaandaa mashua za kurudi Sicily. Hofu imetawala. Watu wanasukumana majini, mashua zinajaa kupita kiasi, nyingine zinazama, na zilizobaki zinaogopa kusogea ufuoni. Wanaopokewa ni wachache: wenye kujuana na watu, akina baba wenye familia walioonewa huruma, na waliojua kuogelea. Waliobaki wanajisalimisha kwa Varus usiku huo huo.

Kesho yake Juba anawaona mbele ya mji, anatangaza kuwa ni ngawira yake, anaamuru wengi wao wauawe. Varus analalamika kwamba neno lake limevunjwa, lakini hathubutu kuzuia. Vifo vya uwandani vilikuwa vya vita. Haya yalikuwa mauaji ya watu walioweka silaha chini kwa ahadi, na Varus ana sehemu yake katika lawama.

Miaka mitatu baadaye, baada ya Caesar kushinda vita vya Thapsus, Juba alikufa kwa hiari yake, na sehemu kubwa ya Numidia ikafanywa jimbo la Roma.