Sakitu, adui wa pampu ya joto

Kimya changu sio cha ubaya, ni hizi tesiti za mfululizo. Leo nawaletea historia, ila sio ya Berlin 1884. Bismarck tumpumzishe kidogo jamani.

Nazungumzia pampu ya joto, mtambo wanaotumia wenzetu wa nchi za baridi kupasha nyumba. Kwa lugha ya mtaani ni friji iliyogeuzwa. Gusa nyuma ya friji ya kantini, pana moto, si ndiyo? Joto lile limetolewa kwenye soda na kutupwa nje. Sasa mwaka 1852 William Thomson, profesa wa Glasgow (ndiye Lord Kelvin, watu wa fizikia mnamjua), akapendekeza majengo yapashwe joto kwa mashine ya namna hiyo. Katikati ya miaka hiyo ya 1850, Peter von Rittinger akaijaribu kwenye kiwanda cha chumvi cha Ebensee, Austria. Shida yake ilikuwa kuni, zilikuwa zinateketea kupita kiasi.

Mwaka 1938 jengo la halmashauri ya Zürich likawekewa pampu inayochota joto kwenye mto Limmat. Lakini bwana, sio kila mtu ana mto mlangoni. Hewa ndiyo ya wote, na hapo ndipo matata yalipo.

Ili koili ya nje ivute joto kutoka kwenye hewa, lazima iwe ya baridi kuliko hewa yenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 2, koili inashuka chini ya 0, na unyevu unaganda juu yake. Ndugu zangu wa Makete na Njombe mnaijua sakitu inavyounguza viazi. Kule inaziba koili, hewa haipiti, na nyumba inapoa wakati ule ule ambao mtu anaihitaji moto. Cha kushangaza, hali mbaya zaidi sio kwenye baridi kali ya hasi 20, maana hewa ile ni kavu. Ni kwenye nyuzi kama 0 hadi 5 na unyevunyevu.

Dawa ikawa valvu ya njia nne. Inageuza mtambo kwa dakika chache, feni ya nje inasimama, na joto linatolewa ndani ya nyumba kwenda kuyeyusha sakitu. Yaani unamwibia mwenye nyumba ili umsaidie! Ndio maana hita ya umeme inawashwa kuziba pengo, na bili inapanda.

Swali ni kwamba, ugeuze lini? Marekani miaka ya 1950, pampu kama Weathertron ya General Electric zilipoanza kuingia majumbani, hili lilikuwa gumu kweli. Taima zilizozoeleka zilihesabu dakika 30, 60 au 90, koili ikiwa baridi basi inageuza. Ni kama kengele ya shule, inalia mwalimu awepo asiwepo. Siku kavu unapoteza joto bure, siku ya mvua ya barafu unachelewa. Wengine wakaweka swichi ya kupima kama hewa imezibwa, lakini hata majani makavu yaliweza kuidanganya.

Na kila kugeuza ni mshtuko kwa kompresa. Miaka ya 1960 kompresa zilikufa sana, pampu zikapata jina baya, wateja wakarudi kwenye gesi na mafuta. Mimi naona mafundi walilaumiwa kuliko haki yao. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 ndipo watu wakaikumbuka tena.

Kilichobadilisha mambo ni vifaa vidogo vya kompyuta. Vikaanza kulinganisha joto la koili na la hewa, tofauti ikizidi ndipo mtambo unageuza. Vingine vinapima hata muda uliotumika kuyeyusha: ukiwa mrefu, zamu ijayo inasogezwa karibu, ukiwa mfupi inasogezwa mbali.