Ushirikiano Ndani ya Kanda: Historia ya Albamu ya Barcelona ya Freddie Mercury na Montserrat Caballé, 1987–1988

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi. Alisoma shule ya bweni Panchgani, India, alikojifunza piano. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia yake ilihamia Uingereza, ambako alikuja kujulikana kama Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen. Montserrat Caballé, mzaliwa wa Barcelona, alikuwa miongoni mwa waimbaji mashuhuri wa opera duniani. Albamu yao ya pamoja, Barcelona, ilitolewa Oktoba 1988. Kwa kuwa nyimbo zake zilitungwa hasa na Mercury na mpiga piano Mike Moran, huzuka swali iwapo huo ulikuwa ushirikiano wa kweli, au ni mtunzi aliyeazima sauti ya mwenzake. Makala hii inajenga hoja kwamba ushirikiano ulikuwepo, ila makao yake yalikuwa kanda, si jukwaa.

Ushahidi wa kwanza ni chimbuko la kazi yenyewe. Wawili hao walipokutana Barcelona, Machi 1987, Mercury alikwenda na kanda ya wimbo alioimba kwa sauti nyembamba, akiiga soprano. Caballé aliuimba wimbo huo London, Moran akipiga piano, kisha akaomba atungiwe wimbo kuhusu mji wake. Ombi hilo ndilo lililozaa wimbo uliobeba jina la albamu.

Ushahidi wa pili ni utaratibu wa kurekodi. Kwa kuwa Caballé alibanwa na maonyesho, Mercury aliimba sehemu zote mbili katika kanda za majaribio, naye Caballé akajifunza kutokana nazo. Hivyo, ingawa hakushika kalamu, nyimbo zilikatwa kwa kipimo cha koo lake.

Kanda hiyo hiyo ndiyo iliyozua lawama. Katika tamasha la La Nit, Barcelona, tarehe 8 Oktoba 1988, wawili hao walisimama mbele ya umma huku sauti zao zikitoka kwenye kanda. Lawama hiyo ina msingi, lakini haimalizi suala. Mercury, aliyekuwa akiishi na virusi vya UKIMWI, alifariki tarehe 24 Novemba 1991, miezi minane kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Barcelona, ambako wimbo huo ulisikika. Mwaka 1999, katika uwanja wa Camp Nou, Caballé aliuimba akiitikiana na sauti ya marehemu iliyorekodiwa. Toleo la mwaka 2012 nalo liliondoa vinanda vya umeme na kuweka okestra kamili, lakini sauti za wawili hao zikaachwa.

Kwa hiyo, kinachobadilishika katika albamu hii ni ala. Kisichobadilishika ni sauti mbili zilizotungwa kwa kusikilizana.