Ziwa Lililoonywa Mapema

Hitilafu ya sera zetu za sayansi hutafutwa mahali isipo, kwa kudhani kwamba waliotutangulia hawakuona mbali. Ziwa Victoria linashuhudia vingine. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, nyavu za kutegea zikaingia Ghuba ya Winam mwaka 1905, na ngege, samaki wa asili wa ziwa hili, wakaanza kusafirishwa hadi Nairobi. Mwaka 1927 Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, alikuja kuchunguza kwa nini wanapungua. Ripoti yake ya 1929 ilipendekeza nyavu zenye macho yasiyopungua inchi 5, na ziwa lote lisimamiwe kwa pamoja. Humo humo alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine, bila utafiti wa kina, ni hatari kubwa. Miaka isiyofika thelathini baadaye, pendekezo la nyavu na onyo la samaki vyote vilikuwa vimepuuzwa: Uganda na Tanganyika ziliondoa sharti la inchi 5 mwaka 1956, na sangara, yaani mbuta, alikwisha kutiwa ziwani kimyakimya. Mwanabiolojia Geoffrey Fryer alipochapisha pingamizi lake mwaka 1960, na A. M. Anderson akamjibu mwaka uliofuata, walikuwa wakijadili kumleta samaki ambaye tayari alikuwa anaogelea. Mwaka 1963 wengine wakatiwa majini hapa Kisumu.

Atakayetetea uamuzi ule atasema wataalamu wenyewe hawakuafikiana, na kwamba hakuna aliyekadiria kishindo cha miaka ya 1980, sangara walipojaa ghubani na mamia ya aina za fulu, samaki wadogo wa asili, kutoweka. Ni kweli, lakini kupanga kwa muda mrefu si kupiga ramli. Palipo na shaka, tofauti ya kuzingatia ni kati ya kosa linalorekebishika na lisilorekebishika: sharti la nyavu hubadilishwa kwa tangazo moja, ila sangara hakuna sheria iwezayo kumtoa ziwani. Pingamizi zito zaidi ni la fedha, kwa kuwa sangara alileta viwanda vya minofu, ajira na pesa za kigeni. Siwezi kulipuuza. Hata hivyo, ukifika mtaa wa Obunga hapa Kisumu utaona mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kwenda ng'ambo, ukikaangwa na kuuziwa wenyeji. Faida ilikuwepo, swali la nani ataipata halikuulizwa mapema.

Kenya huru haikukosa taasisi. Sheria ya Sayansi na Teknolojia ya 1977 iliunda baraza la taifa la kuishauri serikali, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ikafuata mwaka 1979, na sheria ya 2013 ikaleta tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Ila kushauri ni jambo moja, kulazimika kujibu ushauri ni jingine. Gugumaji lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, ilhali wadudu wa kulila waliachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997. Sasa vizimba vya kufugia samaki vinaongezeka ghubani. Kabla ya kuongeza vingine, wizara ilazimishwe kisheria kumjibu mtafiti kwa maandishi na hadharani, na majibu hayo yahifadhiwe ili afisa atakayeingia ofisini miaka ishirini ijayo ayakute.