Mgeni Aliyekuja Kutazama Mlima

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu, na mwenye miwani ameshaivaa.

Leo, katika somo letu la historia, tutazungumza juu ya wageni. Si wageni wa harusi wala wa msiba, bali wale wanaokuja wilaya ya Rungwe kutazama mlima, maziwa na maporomoko ya maji. Mnawajua. Huteremka Tukuyu na mizigo mgongoni, huuliza njia ya Ziwa Ngozi, hupanda, hupiga picha, hushuka, huondoka. Wakifika kwao huwaambia jamaa zao kwamba wameiona Rungwe. Je, kweli wameiona? Hebu tuitazame historia.

Mwaka 1879 alipita hapa kijana wa Skotilandi, jina lake Joseph Thomson. Umri wake ulikuwa miaka 21 tu, na mkubwa wa msafara wake alikuwa amekwisha kufa njiani. Alikuwa akielekea Ziwa Nyasa. Katika kitabu chake, kilichotoka mwaka 1881, aliisifu mno nchi ya Wanyakyusa: migomba mingi, nyumba zilizojengwa kwa ustadi, nyua safi. Aliiona kama bustani. Lakini bustani ina mwenye kuilima, na Thomson alikuwa mpita njia. Hakukaa kuuliza kwa nini vijiji vilipangwa vile.

Baada yake walikuja waliokaa. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian walijenga Rungwe, na Wajerumani wakafanya boma lao hapa Tukuyu, wakaliita Neu Langenburg. Mwaka 1916 Waingereza wakawafukuza. Hayo tutayapita haraka, maana ninataka kufika mwaka 1934.

Mwaka huo alikuja Godfrey Wilson, na mwaka uliofuata akaja mkewe, Monica Wilson. Kazi yao ilikuwa kujifunza desturi. Walikaa kati ya Wanyakyusa hadi mwaka 1938, wakajifunza lugha, wakakaa na watu, wakauliza maswali. Nao walikuta jambo ambalo wataalamu wa nchi nyingi walistaajabu kulisoma. Wanyakyusa wa zamani hawakujenga vijiji kwa ukoo, bali kwa rika. Wavulana walipofika umri wa miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao, wakaenda kujenga vibanda vyao pamoja. Chakula walikula kwa mama zao, lakini kulala walilala kwao. Wakakua pamoja, wakaoa, na kile kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima. Halafu ikafika siku ya ubusoka, yaani kutoka, ambapo wazee waliwakabidhi vijana nchi na utawala.

Bibi Monica aliandika vitabu kadhaa juu ya mambo hayo. Cha kwanza kilitoka mwaka 1951. Mimi nilikisoma nikiwa chuoni, mbali na hapa, na naona haya kidogo kusema kwamba nilijua habari za vijiji vya rika kutoka kitabuni kabla ya kumwuliza mzee hata mmoja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mlima na watu wanapokutana. Mgeni akitembea Rungwe huona, katikati ya migomba na mashamba ya chai, kichaka kimoja cha miti mikubwa ya kale. Hudhani ni msitu uliosahauliwa. La, haukusahauliwa! Mahali pengi kichaka cha namna hiyo ni kaburi la mkuu wa zamani. Miti ile haikukatwa, kwa sababu pale ndipo wazee walipofanya matambiko. Lubaga, palipokuwa pa Lwembe, paliheshimiwa kuliko pengine pote, na watu walipeleka huko maombi ya mvua na uzazi. Basi mgeni anayependa miti, asiyejua habari za Lwembe, ameona nusu tu ya mti.

Nitawapa ushahidi mwingine, nao ni mkubwa. Wazee wa Rungwe walikuwa wakimtaja mnyama aitwaye kipunji. Wanyakyusa wana hadithi nyingi za wanyama, wengine wa kweli, wengine wa mizimu, na mtu wa nje hakuweza kujua kipunji yu upande gani. Watafiti waliokuwa wakichunguza misitu ya Rungwe na Livingstone waliwauliza wawindaji, wakasikiliza, wakaenda kutafuta. Mwaka 2003 wakamwona: kima mwenye manyoya ya kahawia na kishungi kichwani, mwenye sauti kama honi. Mwaka 2005 habari zake zilitangazwa duniani, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, ikaitwa Rungwecebus. Tangu mwaka 1923 haikuwa imepatikana jenasi mpya ya nyani na kima wa Afrika. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikuwa vipunji 1,117 tu. Kama watafiti wale wangepanda mlima bila kuuliza hadithi, huenda wangeshuka mikono mitupu.

Hata mbali na kwetu imekuwa hivyo. Huko Meksiko, katika milima ya Michoacán, vipepeo wa rangi ya machungwa hufika kwa mamilioni kutoka Kanada na Marekani, karibu na siku ya kuwakumbuka marehemu mwanzoni mwa Novemba. Wenyeji husema ni roho za wafu zimekuja kuwatembelea. Wataalamu waligundua mahali pa vipepeo hao mwaka 1975. Wenyeji walipajua siku zote. Leo mgeni anayekwenda huko kwa ajili ya vipepeo huonyeshwa pia makaburi yenye maua na mikate ya sikukuu.

Sisi je? Tangu miaka ya 1990 nchi yetu imekuwa na mpango wa utalii wa utamaduni, ili mgeni akae vijijini na fedha ibaki huko. Rungwe ina mengi ya kuongeza juu ya mlima: ngoma, mapishi ya ndizi, habari za askari wa Kijerumani waliokaa Masoko kando ya ziwa. Lakini mimi nasema kwa uwazi: si kila kitu ni cha kuonyeshwa. Kama wazee wanakataa wageni wasiingie katika kichaka cha makaburi, wageni wasiingie, hata wakija na fedha nyingi. Anayestahili kuamua ni mwenyeji, si dereva wa gari la watalii.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi wangu Daraja la Mungu, pale juu ya mto Kiwira. Nilieleza kwa kirefu jinsi volkano ilivyomwaga mawe ya moto yakapoa yakawa daraja. Nilijiona nimefundisha vizuri. Mama mmoja mzee, muuza ndizi, alikuwa amesimama akinisikiliza. Nilipomaliza alituambia jinsi yeye, akiwa msichana, alivyovuka pale na mzigo kichwani nyuma ya mama yake, na nyimbo walizoimba ili wasiogope maji. Wanafunzi walimzunguka yeye, wakaniacha mimi na mawe yangu.

Kazi ya juma hili ni hii. Mwulize mzee mmoja wa kijijini kwako jina la kilima, mto au kichaka kilicho karibu, na kwa nini kiliitwa hivyo. Andika jibu lake kwa mistari mitano, pamoja na tarehe uliyoambiwa. Asiyeweza bado kuandika mitano, aandike miwili. Mwalimu wenu atayakusanya siku ya Ijumaa.